Mgonjwa wa Jirani

Haneti
21 Mei 2023

Mdogo wangu Stumai,

Mbukwa, kwa Kigogo chetu. Najua utaniitikia kwa Kirangi ili unikomoe, nami sitaelewa kitu, kama kawaida yetu.

Nakupigia simu tangu Pasaka. Yule mwanamke wa kwenye mtandao ananiambia hupatikani, na sasa nimeanza kubishana naye. Bartolomayo, yule mnunuzi wa alizeti mwenye Fuso ya bluu, anasema anafika Busi kila baada ya wiki mbili tatu, basi nimeona nirudi kwenye kalamu. Vidole havinyooki tena, mwandiko unauona mwenyewe. Univumilie.

Sisi tupo. Tangu marehemu mume wangu Noeli aniache, huu mwaka wa tatu, nilikuwa nimegeuka mwanamke wa kukaa. Naamka, nakaa. Nakunywa chai, nakaa. Magoti yakavimba, presha ikapanda, siku moja daktari wa zahanati akanitazama vile nilivyokuwa nawatazama wajawazito waliochelewa kuja. Akasema, "Mama, wewe ni nesi. Nikuambie nini?" Nilitoka pale nimeona aibu kweli.

Sasa tuna kikundi cha wazee. Usicheke. Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Kamanda wetu ni Mwalimu Fulgence, unamkumbuka, yule wa hesabu aliyekuwa anakuja kwetu zahanati na jino lile lile bovu miaka yote. Ana filimbi. Anatupanga mstari, wazee ishirini na mmoja, wenye fimbo mbele, anatuzungusha uwanja mara tatu. Halafu tunarushiana mpira wa matambara, tunapimana presha, tunaulizana nani hajaonekana. Asiyeonekana mara mbili tunamfuata kwake. Mwezi uliopita tulimfuata Mzee Lameck tukamkuta na homa siku ya pili, ndani hana hata kikombe cha maji. Leo anarusha mpira kunishinda mimi.

Nataka uje. Wiki moja tu. Miaka kumi na tisa tumepokea watoto pamoja hapa Haneti, mimi nesi, wewe mhudumu, na tangu ulipostaafu mkarudi kwenu Busi tumeonana mara mbili, zote misibani. Mwambie shemeji Mbwana redio yangu imekufa tena, na fundi mwingine simtaki. Wewe ukirudi utampelekea.

Nijibu kwa mkono wa Bartolomayo.

Dada yako,
Sidonia


Busi
9 Juni 2023

Dada Sidonia,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimefurahi sana. Nimemwona Mwalimu Fulgence na filimbi yake nikacheka mpaka Mwanasha, wifi yangu, akachungulia uani kuuliza kuna nini.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Simu iliingia maji. Kijana wetu Khalidi ameahidi kuniletea nyingine, lakini karakana yake ya mageti kule Kizota imezidiwa na kazi na mkewe Sabrina amejifungua juzi, basi simsumbui.

Kuja kwa sasa sitaweza, dada. Mahindi bado shambani, alizeti nayo inaita. Mbwana hajambo, anakusalimu. Ana kazi kama kawaida yake. Kila siku anafungua hiki, anafungua kile, meza yote ni vyuma na nyaya. Redio yako isubiri kidogo.

Nina swali, si langu. Ni la jirani yangu, Mama Joha. Mumewe ni mtu mzima, umri kama wa Mbwana. Usiku halali. Anazunguka ndani, anauliza kitu kile kile mara kumi, ukimjibu anakasirika kwamba hukumjibu. Siku nyingine anamwita mkewe kwa jina la mama yake mzazi. Anataka kutoka aende kazini, na kazi hana. Ndugu zake wanasema ni jini. Mama Joha amechoka, na kwa kuwa anajua nimefanya kazi na nesi, ameniomba niulize: ipo dawa ya kumlaza? Hata kwa saa chache.

Wasalimie wazee wote wa mpira.

Mdogo wako,
Stumai


Haneti
25 Juni 2023

Mdogo wangu Stumai,

Idi njema ya kuchinja, inakuja.

Mwambie Mama Joha hivi, na umwambie mimi nimesema. Si jini. Ni maradhi ya ubongo, yanawapata wazee wengi, na hayakuletwa na mtu. Ampeleke hospitali Kondoa, ikibidi Dodoma mjini, wamwangalie, maana wakati mwingine kuna kitu kingine kinachochochea na hicho kinatibika. Dawa ya usingizi asimpe kiholela, ataanguka avunjike nyonga. Mchana amtembeze, ampe kazi ya mikono, hata kupukuchua mahindi. Jua na uchovu vitamsaidia kulala. Mlango uwe na kitu kinacholia ukifunguliwa.

Ila nimwambie na jambo la pili, na hili ndilo kubwa. Katika nyumba ya namna hiyo anayetangulia kuanguka mara nyingi ni anayeuguza. Nimewaona wengi. Atafute watu wawili wa kumpokea, hata nusu siku kwa wiki, atoke, akae na wenzake, acheke. Akiona aibu, aibu hiyo itamuua yeye kabla ya mumewe. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiyalainishe. Nakujua wewe, unapenda kulainisha.

Sasa lako. Bartolomayo kaniambia umekonda. Nilimuuliza, "Umekondaje?" Akasema, "Mama, amekonda tu, na ana haraka. Anapokea barua anafunga mlango." Yeye si mtu wa maneno, kwa hiyo nimeyabeba. Unapima presha? Unakula?

Nimeamua. Kama huwezi kuja, nakuja mimi. Usinipikie chochote.

Dada yako,
Sidonia


Haneti
2 Agosti 2023

Stumai,

Nimekaa siku nne kabla ya kushika kalamu, ili nisiandike kwa hasira. Hasira imepungua, imebaki ile nyingine ambayo sijui jina lake.

Jumamosi nilipanda Fuso ya Bartolomayo kwa magoti haya, mwendo wa saa nne nzima, jogoo miguuni, kikapu cha mlenda mapajani. Nilifika kwako saa tisa alasiri. Ulitoka, ukavuta mlango nyuma yako, ukasimama. Nikasema hodi na wewe uko mbele yangu. Ukasema, "Dada, ndani kuna wageni wa Khalidi, wamelala." Wageni gani wanalala saa tisa mchana? Ukaniletea maji, tukayanywa tumesimama uani kama watu wanaosubiri gari. Hukuniambia niketi. Nikauliza, "Shemeji yuko wapi?" Ukasema shambani. Na ndani nikasikia mtu anagonga kitu, na sauti ya mwanaume.

Niliondoka na gari lile lile.

Nimefikiri njia nzima na siku zote hizi, na jibu ninalo moja tu. Ni ile kozi. Nilijua siku moja itafika. Mwaka 2001 ilipokuja nafasi ya kusomea ukunga, nafasi moja, mganga mkuu wa wilaya aliniuliza mimi ni mhudumu yupi aende. Nikaandika kwamba Stumai hajawa tayari. Nikampendekeza Anjelina, mtoto wa ndugu yake Noeli. Leo Anjelina ni nesi mstaafu, anaishi vizuri, na wewe ulimaliza kazi ukiwa mhudumu. Wala si kwa sababu ya undugu tu. Ulikuwa na mikono mizuri kuliko sisi wote, ningebaki na nani? Sikutaka uondoke. Nilijidanganya kwamba nafasi nyingine itakuja.

Nadhani mtu amekuambia, labda Anjelina mwenyewe. Una haki ya kunisimamisha uani. Lakini ungenitukana, Stumai. Tungeyamaliza.

Naomba unisamehe.

Sidonia


Busi
20 Agosti 2023

Dada Sidonia,

Hilo sikulijua.

Nilijua mganga mkuu alisema darasa la saba halitoshi. Wewe ndiye uliyeniambia, tukiwa tumekaa kwenye benchi la kliniki, na ulinishika bega. Nikakubali. Nikasugua sakafu ile miaka mingine kumi na moja, na kila Anjelina alipokuja likizo na sare yake nyeupe nilimpongeza.

Siku ile ulipokuja sikuwa nimekasirika na wewe. Sasa sijui.

Jogoo yupo. Asante.

Stumai


Haneti
17 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Nimemsomea Mwalimu Fulgence barua yako, maana sikuwa na mwingine. Akasema, "Mama Sidonia, umeungama kwa mtu aliyekuwa na mzigo mwingine kichwani." Mzigo gani, hakujua, nami sijui.

Kama hukukasirika siku ile, basi kulikuwa na nini ndani ya nyumba yako? Niambie. Bartolomayo amesema safari iliyopita alipita kwako na hukumpa kitu cha kurudisha. Sitakuja tena bila kuitwa. Lakini niite.

Sidonia


Haneti
5 Novemba 2023

Mdogo wangu Stumai,

Nimerudi salama. Tangu niache msiba naona uso wako chini ya ule mtandio mweupe. Ulinishika mkono siku nzima.

Khalidi aliponipigia simu kwamba baba yake ametoka nyumbani Jumapili mchana na hajaonekana, nilidhani ni ajali. Nikauliza, "Alikuwa anakwenda wapi?" Akasema, "Mama mkubwa, baba alikuwa haelewi tena anakokwenda. Na sisi wenyewe tumeambiwa leo." Jumanne akapiga tena kusema wachunga mbuzi wamempata kwenye korongo, upande wa juu, kule ambako udongo umekatika, na kwamba watazika jioni ile ile. Nikafika mmeshamaliza.

Mwanasha ndiye aliyenisimulia, nyuma ya jiko, huku tunachagua mchele. Miaka minne shemeji anaumwa ndani. Alinionyesha ile meza yake. Redio zile, pasi, saa ya ukutani, simu zako mbili, vyote vimefunguliwa, hakuna hata kimoja kilichorudishwa. Akaniambia walipompata alikuwa na bisibisi mfukoni mwa kanzu, na miguu haina viatu.

Nikauliza Mama Joha anakaa nyumba gani, nimpe pole na yeye. Mwanasha akanishangaa. "Mama Joha yupi? Hapa hakuna Mama Joha."

Miaka thelathini na nne nimekuwa nesi, Stumai. Mtu akija kliniki akasema anamuulizia jirani yake, nilikuwa najua kabla hajamaliza sentensi. Wewe uliniandikia kila kitu, nami nikakujibu kama bango la ukutani, nikakuambia aibu itakuua. Halafu nikaja hadi uani kwako, nikamsikia kwa masikio yangu, nikarudi nyumbani nikiwa na uchungu wa nafsi yangu mwenyewe.

Ungeniambia ningebaki siku ile.

Najua uko ndani ya eda na hutoki mpaka Februari. Niandikie ukiweza. Usipoweza, nitaendelea kuandika mimi.

Dada yako,
Sidonia


Busi
26 Novemba 2023

Dada Sidonia,

Shikamoo.

Watu wameondoka. Sabrina alikaa wiki tatu na mtoto, kisha Khalidi akaja kumchukua. Nyumba imekuwa kubwa. Mwanasha anakuja asubuhi na jioni.

Nikuambie kwa nini nilificha, maana najua hilo ndilo linakusumbua.

Ilianza kwa kupotea njia kutoka gulioni. Njia aliyoipita tangu mtoto. Akarudishwa na watu, wakacheka kidogo, na yeye akacheka. Halafu mwenye redio akaja kudai redio yake, akamkuta ameigawanya vipande na hajui ni ya nani. Wakaanza kusema. Dada, hawakusema kwamba ni mgonjwa. Walisema nimempa limbwata. Walisema, "Yule mwanamke amefanya kazi hospitali, anajua madawa, amemfanya mumewe zuzu." Alisema hivyo mtu niliyempokelea watoto wake wawili. Hata Mwanasha wakati huo alikuwa hali chakula kwangu. Aliacha hofu hiyo baada ya kuona kwa macho yake.

Na Mbwana mwenyewe, alipokuwa bado anajijua, alinikalisha siku moja akasema, "Stumai, naona naondoka kidogo kidogo. Wasinione." Nikasema hawatakuona. Kwa hiyo nikafunga mlango. Khalidi akija namwogesha baba yake mapema, namvalisha kanzu safi, namwambia mwanangu baba amechoka, usimsemeshe sana. Khalidi alikuwa anaondoka na amani yake.

Simu aliifungua ya kwanza, akaifungua na ya pili. Sikumgombeza. Ilikuwa saa pekee anayotulia, akishika bisibisi. Siku nyingine alikuwa anaeleza kazi vizuri kabisa, hii waya inakwenda hapa, hii inatoa sauti, ungedhani ni yule fundi wa sokoni Haneti uliyekuwa unamtania. Nilikuwa nakaa kumsikiliza tu.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma mara nyingi sana. Nilimtembeza uani kama ulivyosema, akapukuchua mahindi, akalala. Wiki mbili zilikuwa nzuri. Kile cha kutafuta watu wa kunipokea sikukiweza. Nani?

Siku uliyokuja alikuwa amejichafua, na alikuwa ananiita "mama, mama". Nilikuona barabarani unashuka na yule jogoo, na moyo ulitaka kukimbilia kwako. Miguu ikaenda kuvuta mlango. Ulipoondoka nililia. Kesho yake nikakaa nikakuandikia barua ndefu, yote haya, nikakuomba uje ukae nami. Nikaiweka chini ya godoro nikimngoja Bartolomayo. Alipokuja, mkononi alikuwa na barua yako ya ile kozi. Nikaisoma nimesimama mlangoni. Nikarudi ndani, nikaitoa ile yangu, nikaitia jikoni ikaungua.

Nilikuwa na hasira kwa kitu cha miaka ishirini na mbili iliyopita, wakati mume wangu ananiuliza mimi ni nani. Nayo ilinipa nguvu kidogo, hasira ile. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuandikii ili uumie.

Ya kozi nimeyaacha. Sijui kama nimesamehe. Nimeyaacha.

Mdogo wako,
Stumai


Haneti
17 Desemba 2023

Mdogo wangu Stumai,

Nilikuwa naogopa kuifungua barua yako. Nimeiweka kwenye Biblia yangu.

Hilo la kusamehe lichukue muda wake. Mimi sina haraka, hata likichukua miaka yote iliyobaki.

Nimewasomea wenzangu uwanjani kipande cha limbwata, bila kutaja jina lako. Hapo Miriam, mama mmoja mkimya sana, hajawahi kusema neno kikundini isipokuwa "nipo", akasema mumewe yuko hivyo hivyo mwaka wa pili, na kwamba Jumanne na Ijumaa anamfungia ndani ili aje kutembea na sisi. Tulikuwa tunampima presha kila wiki tukimshangaa mbona haishuki. Sasa tumepanga zamu. Mwalimu Fulgence anakwenda kukaa na yule mzee Jumanne, wanacheza bao, mzee anashinda kwa sababu anabadilisha sheria kila mara na Mwalimu anamwachia. Nimeona ulijue hili, ingawa limechelewa kukufaa wewe.

Sasa nikuhudumie. Eda haikukatazi kutembea uani kwako. Zunguka asubuhi na jioni, mara kumi, kisha kumi na tano. Kula mara tatu, hata kama ni uji wa uwele. Mwanasha akija usimpokee mlangoni, mwambie aketi, mzungumze hata ya mbuzi. Khalidi anataka kukuhamishia Kizota eda ikiisha, ameniambia kwa simu, anaona kwamba akikuacha peke yako tena watu watamsema. Ni mtoto mwema, anaumia. Usimjibu sasa. Unaweza kuja kwangu pia, kitanda cha Noeli kiko wazi, ila hilo ni lako kuamua, sikusukumi.

Nina swali la kinesi, ulijibu kweli. Unalala?

Dada yako,
Sidonia


Busi
14 Januari 2024

Dada Sidonia,

Shikamoo.

Nazunguka uani. Mwanasha sasa anazunguka na mimi. Jana tumefika ishirini, tukakaa tukacheka kwa kuhema.

Umeniuliza kama ninalala. Silali. Nitakuambia kwa nini, na ukishasoma, hii usiiweke kwenye Biblia. Ichome.

Ile Jumapili nilisali adhuhuri. Yeye alikuwa ameshakula, nimemnawisha, nimemlaza. Nami nikajinyoosha kwenye mkeka mbele ya mlango wa chumba, kama kila siku, ili akitaka kutoka aniguse niamke. Siku mbili kabla sikuwa nimelala kabisa, alikuwa ananivuta vuta, anataka nimpeleke kwao, na kwao ni hapo alipokuwa.

Wote wanajua kwamba nilikuwa nimelala fofofo, akanivuka. Ndivyo nilivyowaambia. Ndivyo alivyoambiwa Khalidi, na ndivyo sheikh alivyowaambia watu makaburini, kwamba mke alipitiwa na usingizi, ni kadari ya Mungu.

Sikuwa nimelala. Nilimsikia anaamka. Nilihisi upindo wa kanzu yake unanipita usoni. Nikasikia anapapasa komeo la mlango wa nje, na nilijua kufuli sikulitia, nilikuwa nimechoka kulitia. Nilikuwa macho, dada. Nikajiambia, anakwenda uani tu, atarudi. Halafu nikajiambia kitu kingine. Nikajiambia, na asirudi upesi. Nikageuka nikatazama ukuta.

Nililala usingizi ambao sikumbuki mwisho niliupata lini. Nilipoamka adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita na mlango uko wazi, kuku wako ndani. Na kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa hofu. Nilihisi nimepumzika. Nililala pale kidogo, nikisikia raha mwilini, kabla sijakumbuka.

Kila nikifumba macho sasa naanza kusikia ile raha, naamka.

Khalidi ananiambia, "Mama, ulifanya yote." Watu wa limbwata nao wanakuja kuniambia nilikuwa mke mwema. Nawaitikia. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na sijui kwa nini wewe. Labda kwa sababu uliniambia ya kozi bila kuulizwa.

Stumai


Haneti
21 Januari 2024

Mdogo wangu Stumai,

Nimeisoma mara moja, nimeitia jikoni, nimesimama mpaka imeisha.

Nilikuwa nimeandika karatasi mbili za kukufariji. Nimezichana. Nilikuwa naandika kama nesi anayemwandikia ndugu wa marehemu, na wewe unaijua lugha hiyo, umenisikia nikiitumia mara mia. Sitakuambia hukusikia, kwa sababu ulisikia. Sitakuambia angekufa tu. Hilo silijui mimi, analijua Mungu wako na wangu.

Nitakuambia ninachokijua. Pale zahanati hakuna tuliyemwacha kwenye zamu siku mbili mfululizo. Hata mwaka ule wa kipindupindu, ukizidiwa nilikuwa nakushika mabega nakupeleka kwenye kile chumba cha magodoro, nakufungia kwa nje, na wewe unalala hapo hapo na aproni yako. Wakati mwingine mgonjwa alikuwa anakuita, nami namwambia, Stumai hayupo. Wewe ulikaa zamu moja miaka minne na hakuna aliyekuja kukushika mabega. Aliyepaswa kuja alikuja, akanywa maji, akaondoka. Nikifumba macho na mimi naliona hilo. Tutakuwa tunaliona wote wawili, kila mtu na lake.

Sitamwambia mtu. Mwalimu Fulgence ameuliza barua imesemaje, nimemwambia unazunguka uani mara ishirini.

Barua hii inatangulia kwa basi la kesho. Nimeongea na Bartolomayo, anapanda huko Jumatano, nakuja naye. Nimempigia Khalidi nimemwambia nakwenda kukaa na mama yake mpaka eda iishe, na baada ya hapo tutaona. Nikasikia analia, mashine za karakana zinalia nyuma yake.

Nitafika alasiri. Usinitengenezee chochote, usifagie, usinikarimu. Nionyeshe maji yalipo na chumvi ilipo, halafu ingia ndani ulale. Ukiamka na ile raha, usikurupuke. Niite. Nitakuwa hapo uani.

Dada yako,
Sidonia